Bendera ya Dakika ya Themanini na Nane

"Goooo...!"

Neno halikufika mwisho. Jukwaa zima la mbao lilikuwa limesharuka, kisha likabaki na mikono juu na vinywa wazi, kama watu waliokatiwa umeme katikati ya wimbo.

Hamira alikuwa amepiga magoti mbele ya nyavu, mikono ameitanua, akingoja wenzake wamrukie mgongoni. Hakurukiwa na mtu. Akageuza shingo. Pale pembeni ya uwanja, kwenye mstari, bendera ya njano ilikuwa imesimama wima hewani.

"Ameotea! Ameotea!" Wachezaji wa kiwanda cha sabuni walikuwa wakikumbatiana utadhani wao ndio waliofunga.

"Ameotea wapi? Refa, ameotea wapi?" Nahodha wa timu ya soko, msusi mwenye sauti ya kuuzia samaki, alikuwa ameshamfikia mwamuzi. "Mwite huyo mtu wako aje aseme mbele yangu!"

"Nahodha, rudi nyuma nisije nikakupa kadi."

"Nipe! Nipe na ya mama yangu!"

Ilikuwa dakika ya themanini na nane, mechi ya mwisho ya msimu, bila kwa bila. Timu ya soko ilihitaji ushindi tu iingie ligi kuu. Sare ilikuwa inawapeleka watu wa sabuni. Miaka sita wanawake wale walikuwa wakifunga vibanda mapema ili wawahi mazoezi, na sasa miaka sita yote ilikuwa imening'inia kwenye ncha ya kitambaa cha njano.

Nyuma ya kamba, mwanamke mmoja mnene mwenye mwavuli mwekundu alikuwa akipambana na walinzi wawili ili aingie uwanjani. Alikuwa mama yake Hamira, muuza mboga.

"Niachieni! Nataka kumuuliza kitu kimoja tu! We kijana, macho yako umeyaacha nyumbani?"

"Mama, huyo anatengeneza miwani kule barabara kuu," mtu mmoja akapaza sauti jukwaani.

"Miwani? Basi si ajitengenezee na yeye! Kipofu mkubwa!"

Jukwaa likacheka kwa uchungu. Hamira hakucheka. Bado alikuwa kwenye magoti, macho yake yamekwama kwa mtu aliyeshika bendera. Hamira aliijua mikono ya mtu yule. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akiishika kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko katika kiwanda cha mikate. Yule kipofu mkubwa ndiye mpenzi wake, na katika uwanja ule mzima hakuna mwingine aliyelijua hilo.

Kipyenga cha mwisho kikalia. Bila kwa bila.

*

Kocha wao, ambaye wote walimwita Mwalimu, alikuwa na utaratibu wake. Siku ya mechi simu zote zinakusanywa wakati wa chai ya asubuhi, zinatiwa kwenye ndoo yenye kifuniko, naye anaikalia ndoo ile mpaka mechi iishe. Hata nahodha hana ruhusa. Siku hiyo alipoifungua aliisukuma tu katikati ya chumba cha kubadilishia nguo, akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo.

Hamira aliichukua yake. Simu saba ambazo hazikupokelewa. Na ujumbe.

Saa tano asubuhi: "Mpenzi, mshika kibendera wa leo ameamka na homa kali. Wamenipigia mimi."

Saa tano na nusu: "Nikikataa watataka sababu. Niseme nini? Nipigie."

Saa saba: "Hamira tafadhali. Nikisema sababu ninakuvunjia ahadi. Nisiposema ninavunja kanuni."

Saa tisa: "Naingia uwanjani. Sitakuangalia hata mara moja. Naapa."

Na wa mwisho, wa dakika tano zilizopita: "Nisamehe."

"Njooni muone! Njooni!" Nahodha alikuwa ameinua simu yake. Kuna mteja wake wa saluni aliyekuwa amerekodi kutoka jukwaani. "Simamisha hapo! Mnamwona beki wao huyu aliyekuwa anainuka chini? Hamira yuko wapi? Yuko nyuma yake! Hatua nzima nyuma yake! Lile ni goli, jamani, goli halali kama maziwa ya mama!"

"Kahongwa huyo."

"Kahongwa miche ya sabuni!"

"Mimi ningekuwa Hamira ningemng'ata sikio."

Hamira alifunga kamba za njumu alizokuwa anatakiwa kuzifungua. Kuhongwa hakuamini. Kilichokuwa kinamkereketa rohoni kilikuwa kingine. Wiki mbili nyuma, wakila karanga kwenye ngazi za duka lake, fundi miwani alisema, "Sasa nyinyi mkipanda daraja, kambi kila siku, safari kila wiki, mimi nitakuona lini?" Walicheka wote wawili. Sasa sentensi ile ilikuwa imemrudia, na safari hii haikuchekesha.

*

Jumapili duka la miwani huwa limefungwa. Hamira alimwandikia maneno matatu, "Fungua duka. Nakuja," na alipofika akakuta mlango uko wazi, fundi amesimama nyuma ya meza ya vioo kama mteja anayeogopa kuambiwa bei.

"Karibu."

"Sijaja kukaribishwa."

"Najua."

"Nitakuuliza mara moja tu. Uliinua ile bendera ili nisiondoke?"

"Nini?"

"Usinijibu nini! Ulisema mwenyewe. 'Nitakuona lini?' Haya, sasa tumebaki, utaniona kila siku. Umefurahi?"

Fundi alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hakulala. Akavuta kigoda, lakini hakukikalia.

"Hamira, mimi nimeshika bendera miaka tisa. Kwenye matope, kwenye jua, nimetupiwa hadi maganda ya machungwa. Sijawahi kuinua kwa kitu ambacho sikukiona."

"Basi uliona nini?"

"Wewe."

"Usinichezee."

"Nakwambia ukweli. Kazi ya mshika kibendera ni moja tu. Mpira ukipigwa, macho yako yawe kwa beki wa mwisho. Mshambuliaji unampata kwa pembe ya jicho. Dakika themanini na saba nilifanya hivyo. Nilikuwa nimejizuia kabisa, sikutazama jezi yako namba tisa hata ilipoanguka mbele ya miguu yangu. Halafu ikaja ile pasi ya nahodha. Ukaanza kukimbia." Akasita. "Ukaanza kukimbia, na mimi nikakuangalia. Ni kitambo kidogo sana, kama kupepesa. Niliporudisha macho kwa beki, wewe ulikuwa umeshampita, mpira uko hewani. Mkono ukainuka wenyewe."

Ukutani nyuma ya fundi kulikuwa na lile bango la kupimia macho, herufi kubwa juu na ndogo chini. Hapo ndipo walipoanzia. Alikuja na jicho lililoingiwa na unga, fundi akamsomesha mstari baada ya mstari, akamwambia, "Macho yako mazima, dada, ila usiache kuja." Na hapo ndipo fundi alipomtegea, miezi mitatu iliyopita. Alikuwa amebandika karatasi mpya kwenye mstari wa chini. Hamira akasoma kwa sauti: T, U, O, A, N, E. Alicheka mpaka akakalia kigoda. Kisha akasema, "Mstari huo macho yangu hayaufikii mpaka msimu uishe." Ni yeye aliyetaka siri. Aliogopa watu waseme kwenye magoli yake anabebwa na mpenzi wake wa bendera.

Karatasi ile bado ilikuwa palepale.

"Kwa hiyo nimekosa ligi kuu kwa sababu unanipenda," alisema. Sauti ilimtoka ikiwa imepasuka. "Wanawake kumi na wanane wamekosa ligi kuu kwa sababu wewe umeshindwa kutazama pembeni! Nahodha ana miaka thelathini na minne. Unajua maana yake? Huyo hana msimu mwingine!"

"Najua."

"Hujui!"

Fundi akavuta droo, akatoa bahasha nyeupe, akaiweka juu ya vioo.

"Niliiandika jana nilipotoka uwanjani. Ni taarifa kwa kamati. Kanuni inasema mwamuzi mwenye undugu, ndoa au uchumba na mchezaji hagusi mechi ya timu yake. Akigusa, mechi inafutwa, inachezwa upya."

Hamira aliitazama ile bahasha kama inayoweza kumng'ata.

"Mbona bado iko hapa?"

"Jina lako limo. Niliahidi. Siwezi kulipeleka jina lako mahali bila wewe kusema ndiyo. Na lazima ujue kila kitu. Mimi nitanyang'anywa bendera, hilo halina mjadala. Lakini na wewe wanaweza kukufungia, kwa kuwa ulijua na hukusema. Wakikufungia, mechi itachezwa bila wewe."

"Mwisho lini?"

"Saa arobaini na nane baada ya mechi. Kesho saa kumi na mbili jioni."

Hamira akaichukua bahasha, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Nitakwambia. Na usinipigie."

"Hamira..."

"Nimesema usinipigie."

*

Jumatatu hakupumzika. Aliomba zamu, maana nyumbani angewehuka. Kufika saa tatu asubuhi alikuwa ameunguza trei nzima ya mikate, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu aajiriwe. Mama yake akaingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake, kikapu kichwani, mwavuli mwekundu kwapani, hasira za Jumamosi bado mbichi.

"Nimeota namkimbiza yule kipofu! Nakaribia kumshika, naamka! Mwanangu, hii harufu ni ya nini?"

"Nimeunguza, mama."

"Wewe? Unaumwa?"

"Mama, kaa kidogo."

"Sikai, nina wateja."

"Kaa, mama. Yule mshika kibendera..."

"Usinitajie!"

"Ni mchumba wangu."

Kikapu kilishuka taratibu. Mama akakaa juu ya gunia la unga, vumbi jeupe likaruka mpaka usoni kwake, naye hakulipangusa.

"Mchumba wako nani?"

"Yule."

"Yule kipofu?"

"Ndiyo, mama."

"Yule niliyemwita kipofu mbele ya uwanja mzima?"

"Mara nne."

"Mara tano. Moja hukusikia, nilimwambia alipokuwa anapanda gari." Mama akavuta pumzi ndefu. "Mungu wangu. Nimemtukana mkwe kabla hajaleta hata barua."

Hamira akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na akamsimulia yote, akimpa na ile bahasha. Mama hakuifungua. Aliigeuzageuza kwa vidole vyenye unga.

"Unampenda?"

"Nina hasira naye mpaka nimeunguza mikate."

"Sikuuliza hasira. Hata mimi ninazo."

"Ndiyo. Nampenda."

"Na hii karatasi ikienda?"

"Huenda nikafungiwa. Na watu watasema magoli yangu yote kumi na saba ni ya kubebwa."

"Mangapi ulifunga yeye akiwa ameshika bendera?"

"Hakuna hata moja. Siku zote alikuwa anakwepa mechi zetu."

"Sasa unaogopa nini, we mtoto? Watu watasema? Kwani wamewahi kunyamaza?" Mama akasimama, akajipangusa. "Nenda kawaambie wenzako. Wao ndio wenye mechi, si wewe na huyo... huyo mkwe."

*

Waliitana uwanjani saa nane. Hakukuwa na mazoezi. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi wameshika tama. Hamira alisimama mbele yao akasema yote bila kupamba, kuanzia bango la herufi mpaka bahasha.

Alipomaliza, Nahodha ndiye aliyeinuka. Akaja mpaka puani kwa Hamira.

"Miezi kumi na minne nakusuka nywele. Miezi kumi na minne umekaa katikati ya magoti yangu, nakusimulia mpaka mambo ya mume wangu, na wewe una mwanaume hunitajii?"

"Nahodha, nisikilize..."

"Nakusikiliza nini? Nimelia siku mbili mimi! Nimemwambia mume wangu naacha mpira! Kumbe dawa ya ugonjwa uko nayo mfukoni!"

"Dawa yenyewe huenda ikaniondoa mimi."

"Nipe hiyo bahasha."

Akaisoma, midomo ikichezacheza. Akamkabidhi Mwalimu. Mwalimu akavaa miwani yake, akaisoma mara mbili, kisha akamtazama Hamira juu ya fremu.

"Binti, Jumamosi nilipokuwa nimekalia ile ndoo nilisikia simu inatetemeka chini yangu asubuhi nzima. Nikasema hawa wapenzi wao hawana adabu. Kumbe ilikuwa yako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ningeifungua ile ndoo tusingefika hapa. Kwa hiyo tusianze kugawana makosa, kila mmoja wetu analo lake." Akaikunja karatasi. "Kamati ikikufungia, tutacheza bila mfungaji wetu. Mko tayari?"

"Afungiwe au asifungiwe, mimi nataka mechi yangu," Nahodha akasema. Halafu akamvuta Hamira kwa shingo, akambana kifuani kwa nguvu za kuumiza. "Na wewe bado nakudai maelezo. Marefu. Ukiwa umekaa katikati ya magoti yangu."

Hamira akatoa simu. Akaandika: "Peleka."

Jibu likaja kabla hajaizima: "Niko mlangoni kwa kamati tangu asubuhi na nakala. Naingia."

*

Kikao cha kamati kilikuwa Jumatano, chumba chenye feni mbovu na meza ndefu. Katibu wa timu ya sabuni aliongea nusu saa nzima, akigonga meza.

"Huu ni mchezo wa kuigiza! Wapenzi wawili wanapanga! Mwanaume anainua bendera, mwanamke analia, mechi inarudiwa!"

Mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya chini, akamgeukia fundi miwani.

"Kijana, umesikia. Mlipanga?"

"Hapana, mzee."

"Kwa nini basi uliinua?"

Fundi alisimama. Hakumtazama Hamira. "Nilimwangalia mtu ambaye sikutakiwa kumwangalia. Goli lilikuwa halali. Kosa la kwanza nilifanya saa tano asubuhi, nilipokubali kuja. La pili ni la dakika ya themanini na nane. Yote mawili ni yangu. Mchezaji hakujua kuwa nitakuwepo mpaka aliponiona uwanjani, simu yake ilikuwa kwenye ndoo."

"Ndoo gani tena?"

"Naomba nieleze, mwenyekiti," Mwalimu akasema kutoka nyuma, na maelezo ya ndoo yakaichekesha kamati yote, isipokuwa katibu wa sabuni.

Walitolewa nje kwa saa nzima. Waliporudishwa, mwenyekiti alisoma bila kuinua macho. Mechi imefutwa. Marudio Jumamosi, uwanja uleule. Mchezaji apewe onyo la maandishi kwa kuficha uchumba. Mshika kibendera arudishe bendera na beji leo hii, na asiguse tena mechi yoyote ya chama.

Timu ya soko ililipuka kwa kelele mpaka feni ikasahau ubovu wake na kuzunguka. Katikati ya vurugu ile Hamira alimwona fundi akifungua begi lake, akitoa bendera ya njano iliyokunjwa vizuri kama shuka, akiiweka mezani. Akatoka bila kuaga.

Hamira alimkuta koridoni.

"Miaka tisa," alisema.

"Ni kitambaa tu."

"Usinidanganye. Naona unavyolia."

"Nalia kidogo. Kwani ni kosa?" Akapangusa jicho kwa kiwiko. "Hamira, lile neno la 'nitakuona lini'. Halijanitoka kichwani tangu Jumapili. Ni kweli nilikuwa naogopa. Lakini kuogopa niliogopea pale kwenye ngazi, nikila karanga. Uwanjani sikuwa naogopa kitu. Nilikuwa nafurahi tu kukuona unakimbia."

"Na sasa? Bado unaogopa?"

"Sasa Jumamosi zangu zote ziko huru. Bendera ndiyo iliyokuwa inazila. Popote mtakapocheza nitakuwa jukwaani. Ligi kuu ina miji mingi, na kila mji una watu wasioona vizuri. Nitabeba sanduku la vioo, nikupigie kelele jioni, asubuhi nipime macho."

Hamira aliangalia sakafu ili asimwone akitabasamu.

"Jumamosi uje," alisema. "Ila mama atakuwepo. Na mwavuli."

*

Jumamosi ile watu walipanda hata juu ya paa la kituo cha maji. Dakika ya ishirini sabuni walipata penalti, wakafunga, wakacheza ngoma ya kwenye televisheni. Soko wakapauka. Kipindi cha pili, kona ikapigwa, Nahodha akaruka na miaka yake thelathini na minne, akaupiga mpira kichwa ukaingia, ushanga wa nywele zake ukatawanyika. Sasa bao moja kwa moja.

"Ushanga nitaokota kesho!" akapiga kelele akirudi mbio katikati. "Chezeni!"

Dakika ya themanini na moja. Moja kwa moja bado ilikuwa sare, na sare bado ilikuwa ya sabuni. Nahodha akanyanyua kichwa, akaona nafasi ileile, akapiga pasi ileile. Hamira akaondoka. Beki mmoja akabaki kushoto, mwingine akamvuta jezi, ikachanika begani, akaendelea. Kipa akatoka. Hamira akauinua mpira kidogo tu, kama anayegeuza mkate kwenye trei, ukampita kipa juu ya vidole, ukadunda mara moja, ukaingia.

Jukwaa halikupiga kelele. Watu wote, wote kabisa, waligeuza vichwa kwenda kwenye mstari wa pembeni. Hamira naye akageuka.

Mshika kibendera mpya, mama mmoja mwenye mvi, alikuwa akikimbia kuelekea katikati ya uwanja. Bendera ilikuwa chini, imelala pajani mwake.

"GOOOOLI!"

Kelele zilitikisa mbao. Wenzake wakamrukia, mmoja, watatu, tisa, mpaka akala nyasi. Dakika tisa zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko msimu mzima. Mwalimu alishindwa kutazama, akaipindua ndoo na kuificha sura yake ndani. Kipa wa soko alidaka mpira wa mwisho, akaulalia, akakataa kuuachia hata kipyenga kilipolia.

Ligi kuu.

Hamira hakwenda kwenye kundi lililokuwa linambeba Nahodha. Alikimbia mpaka kwenye kamba, bega wazi, magoti ya kijani. Pale chini ya mwavuli mwekundu walisimama watu wawili. Mama alikuwa ameushika mwavuli kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alikuwa amemkaba fundi miwani shati, kwa furaha.

"Umemwona mwanangu? Umemwona, mkwe?"

"Nimemwona, mama."

Hamira alikuwa anahema. "Fundi, nikuulize kitu. Sema ukweli. Nilikuwa nimeotea?"

Fundi akamtazama. Akatazama goli, akatazama mstari, akarudisha macho kwake.

"Sijui," akasema. "Beki sikumwona hata kidogo. Nilikuwa nakuangalia wewe tu."

"Si nilisema mimi!" Mama akaruka. "Kipofu mkubwa!"

Hamira akaushika ule mkono uliokuwa umeshika bendera miaka tisa. Akajipangusa jasho la machoni, akakunja uso kama mgonjwa anayesoma bango la ukutani, na akaanza, polepole, kwa sauti ya kusikika mpaka safu ya tatu.

"T. U. O."

Fundi akaacha kupumua.

"A. N. E."

"Anasoma nini huyu?" Mama akauliza, akimtazama mmoja baada ya mwingine. "Ti, u, o... a..." Midomo yake ikazikusanya herufi moja moja, ikazirudia, ikasimama.

Mwavuli mwekundu ulirushwa juu, na kigelegele cha muuza mboga kikasikika mpaka kwenye paa la kituo cha maji.